Vigae vya lami vimechoka: kiraka, tabaka la pili, kung'oa vyote au bati?

MamaTunu (Minneapolis): Wanajamvi, habari zenu. Nyumba yetu iliezekwa 2004 kwa vigae vya lami, hivi hivi vya kawaida vya Marekani. Juzi nimesafisha gata nikatoa karibu nusu ndoo ya chembe nyeusi, kama mchanga mzito. Upande wa kusini vigae vimekunja ncha, na dari ya bafuni ina doa la rangi ya chai. Fundi wa kwanza anataka kuziba viraka, wa pili anapanga tabaka jipya juu ya hili, wa tatu anang'oa vyote. Mume wangu naye anataka bati, kama kwao Moshi.

Seif_Paa: Pole, dada. Hizo chembe ndizo zinazoikinga lami na jua. Zikipukutika, lami inakauka na kupasuka, na kusini ndiko jua linakopiga zaidi. Miaka 20 na ushee ni uzee tu. Kiraka kinahitaji kuinua kigae cha juu yake, na kikavu namna hiyo kitakatikia mkononi. Tabaka la pili sheria za ujenzi huku mara nyingi zinaruhusu, la tatu hapana. Mimi silipendi: mbao ikiwa imeoza chini, hakuna atakayeiona.

Kasuku64: Seif usimtishe mtu. La kwangu nimeweka juu ya la zamani 2012, sijaona tone.

Seif_Paa: La zamani lilikuwa limelala au limekunja ncha?

Kasuku64: Limelala.

Seif_Paa: Haya. La dada limekunja, na vipya vitafuata mikunjo hiyo hiyo.

Nyota_wa_Goma: Kabla hujamlipa mtu, panda darini na tochi. Kwetu feni ya bafu ilikuwa inamwaga mvuke darini badala ya nje. Wakati wa baridi kali kila ncha ya msumari ilivaa barafu, kukipata joto zikadondoka zote pamoja. Tulilipa fundi wa paa mara mbili bure. Angalia pia mpira unaozunguka bomba la choo pale linapotokea juu. Unapasuka mapema kuliko vigae. Na kama matundu ya hewa ya ukingoni yamezibwa, joto la darini litavikausha hata vipya.

Seif_Paa: Kuhusu bati, shemeji hajakosea, linadumu kuliko vigae. Ila bei ni mara mbili au zaidi, na theluji huteremka kwa mkupuo, kwa hiyo weka vizuizi juu ya mlango. Mvua ya mawe ikilibonyeza bila kulitoboa, soma bima yako, nyingine hazilipi mbonyeo. Ukichagua vigae, usikubali waezeke Novemba. Gundi yake inashika kwa joto la jua. Isiposhika, upepo unavifumua.

MamaTunu: Nimepanda. Bomba la feni limechomoka, limelala juu ya sufi ya kuzuia baridi, na sufi imelowa chapachapa. Kwa hiyo doa si la paa! Bomba tutarudishia Jumamosi, vigae tutang'oa Mei. Shemeji yenu bado hajakata tamaa: anauliza hivyo vizuizi vya theluji vinauzwa kwa futi au kwa kipande.