Tupeane uzoefu: kusafisha siti za kitambaa bila kubakiza ramani ya maji

Wakuu, salaam. Jambo hili limenisumbua wiki mbili sasa, na najua humu wapo waliolipitia.

Gari langu lina siti za kitambaa cha kijivu. Kahawa ilimwagika kwenye siti ya abiria wa mbele, doa la ukubwa wa kiganja. Nikachukua ndoo, sabuni ya unga na brashi, nikasugua hadi doa likapotea kabisa, nikafunga gari nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nafungua mlango, doa kweli halipo, lakini kuna mstari wa kahawia umejipinda kama mwambao kwenye ramani, umezunguka eneo kubwa mara tatu ya doa lenyewe. Ndani ya mstari pametakata, nje pana uchafu wa siku zote, na mstari ni mweusi kuliko kote. Nikaosha tena. Ramani haikutoka, ilisogea tu mbele kidogo.

Naomba kila mwenye uzoefu aseme: doa lilikuwa la nini, alifanyaje, na siti ilikuwaje BAADA YA KUKAUKA. Nasisitiza hapo, maana siti iliyolowa huonekana safi yote.

——

Mkuu, riziki yangu ni kusafisha magari ndani, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Huo mstari si kahawa peke yake. Ni vumbi, jasho na mabaki ya sabuni ya siti nzima, vimekusanywa na maji uliyomwaga. Kitambaa kikilowa, uchafu unayeyuka. Sasa ukingoni mwa palipolowa ndipo panapowahi kukauka, na maji ya katikati yanavutwa kwenda ukingoni yakiwa yamebeba uchafu wao. Maji yanakwenda na hewa, uchafu unabaki pale pale. Angalia tone la kahawa lililokaukia mezani: katikati peupe, pembeni duara jeusi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza jambo hilo kwenye jarida la Nature. Kwenye siti ni kubwa zaidi, kwa sababu chini ya kitambaa kuna sponji iliyokunywa maji, nayo inayapandisha juu usiku kucha wewe ukiwa umelala.

Kwa hiyo ukiosha doa peke yake umechora mpaka, na mpaka ndio utakaouona kesho. Mimi huosha kutoka mshono hadi mshono, hata kama doa ni dogo kama kifungo. Unyevu ukiishia kwenye mshono, hakuna jicho litakaloona ulipoishia.

Naanza na vakyumu siti ikiwa kavu, hadi ndani ya mifereji ya mishono, maana vumbi likikutana na maji ni tope. Halafu maji ya uvuguvugu nusu beseni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji isiyo kali, nayapiga kwa mkono mpaka povu liwe zito. Nachota povu tu, maji nayaacha kwenye beseni. Brashi laini, mkono mwepesi, kipande chote. Hapo hapo nagandamiza kitambaa cheupe cha maikrofaiba. Cheupe, ili nione kinachotoka, na kila kikichafuka nageuza upande. Kisha kitambaa kingine kilichochovywa maji safi na kukamuliwa hadi hakidondoshi hata tone, kutoa sabuni. Sabuni ikibaki ndani, siti itanata na kudaka vumbi upesi kuliko mwanzo.

Mwenye mashine ya kufyonza maji aitumie, ila hapa ndipo wengi wanapokosea. Wananyunyiza mara tatu, wanafyonza mara moja. Geuza hesabu hiyo. Nyunyiza kidogo, fyonza taratibu, rudia kufyonza bila kunyunyiza mpaka bomba lisipitishe kitu. Mwisho fungua milango yote na elekeza feni kwenye siti. Kabla hujafunga gari, bonyeza siti kwa ngumi ukiwa umeweka karatasi ya kufutia. Ikitoka imelowa, sponji bado ina maji na ramani inakuja.

——

Mimi nilipata mistari myeupe siyo ya kahawia, siti zangu ni nyeusi. Nilidhani ni sabuni, nikasuuza tena na tena, ikazidi. Kumbe ni maji yenyewe. Nilikuwa natumia maji magumu, yenye kalisi na magnesi nyingi, yakikauka yanaacha chumvichumvi. Tangu nianze kusuuzia maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri, mistari imekoma. Tafadhali soma chupa vizuri kabla ya kununua: asidi ya betri ni kitu kingine na inaunguza ngozi na kitambaa.

Ile chumvi ya zamani niliitoa kwa siki nyeupe, sehemu moja kwa maji sehemu nne, nikafuta kipande chote, nikamalizia na kitambaa cha maji safi. Harufu ya siki iliisha siku ya pili.

——

Kwa wanaotumia siki: msiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Inatoa gesi yenye sumu, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia hewa. Na hiyo dawa yenyewe haifai kwenye siti, inapausha rangi na kudhoofisha nyuzi. Mikanda ya usalama ndiyo kabisa isiguswe nayo.

——

Kwangu yalikuwa maziwa ya mtoto, siti ya nyuma, na sikuyaona hadi siku ya pili. Nilikimbilia maji ya moto nikidhani ndiyo yanaua harufu. Dada zangu, msifanye hivyo. Maziwa yana protini, na protini ikipata moto inakaza kama ute wa yai, inashikana na nyuzi. Damu vivyo hivyo. Maji baridi tu, na sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, iache dakika kama 15 ndipo uitoe.

Doa lilitoka, lakini kila jua likiwaka harufu inarudi, kwa sababu maziwa yalikuwa yameshazama kwenye sponji. Kilichonisaidia ni taulo. Nilipomaliza kufuta, nilitandika taulo nene, kavu, jeupe juu ya kipande chote, nikaliwekea vitabu vizito hadi likalala sawasawa kwenye kitambaa, nikaliacha usiku kucha na vioo wazi kidogo. Maji yakipanda kutoka kwenye sponji yanapitiliza hadi kwenye taulo, yanakaukia huko pamoja na uchafu wao. Nilirudia usiku tatu, kila usiku taulo lingine. Harufu ikaisha.

——

Wino wa kalamu: spiriti ya asilimia 70 kwenye pamba, unagusa na kuinua, unagusa na kuinua, kila mara pamba mpya. Ukisugua unautandaza. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha chini ya siti, rangi zingine zinachuja.

——

Mafuta mimi namwagia poda ya mtoto kwanza, nalala nayo, asubuhi vakyumu. Maji baadaye.

——

Naongeza tahadhari ambayo sijaiona hapa. Nilimwaga maji mengi siti ya mbele, siku mbili baadaye taa ya mifuko ya hewa ikawaka kwenye dashibodi na haikuzima. Fundi alifungua akakuta soketi ya waya chini ya siti imeingia maji na imeanza kutu. Siti nyingi za mbele zina nyaya chini, kipima uzito wa abiria, nyingine mfuko wa hewa ubavuni, nyingine hita. Jamani, siti si zulia la kupigiwa bomba. Usipeleke maji mahali ambapo huwezi kuyatoa.

——

Mleta mada nimerudi. Nimefanya Jumamosi. Vakyumu kwanza, na mifereji ya mishono pekee ilinijazia nusu kikombe cha mchanga. Kisha povu, kipande chote cha kukalia kutoka mshono hadi mshono, kwenye mstari wa ramani nikakaa zaidi nikifuta kutoka nje kwenda ndani. Kitambaa cheupe kilitoka na rangi ya chai mara saba, mara ya nane kikatoka kama kilivyoingia. Feni saa nne. Jaribio la ngumi na karatasi likaonyesha unyevu bado, kwa hiyo nikafuata ushauri wa dada wa maziwa, nikatandika taulo na kuweka vitabu.

Jumapili asubuhi nimeinua taulo. Ramani ipo kwenye taulo, ile ile, na mwambao wake wa kahawia. Siti ni ya kijivu, rangi moja, nimeikagua kwa tochi. Leo Jumatano bado iko hivyo hivyo. Ahsanteni sana. Mgongo wa siti naufanya wiki ijayo, na siti ya dereva ina doa la grisi, kwa hiyo aliyesema poda naomba aniambie: anaisugua iingie, au anaiacha ikae juu tu?