Nyumba ya bondeni: tujitayarishe vipi kabla ya masika?

Mkaazi wa Sebleni
Assalamu aleikum. Nyumba yetu iko bondeni, na masika yakiwa makubwa maji huingia hadi ukumbini. Safari hii tunaye mama mzee asiyeweza kutembea, tuna watoto wadogo, na kisima chetu kiko karibu na karo, yaani shimo la maji machafu ya choo. Tuanzie wapi, na tuhame wakati gani badala ya kuendelea kunyanyua vitu?

Fundi umeme
Waalaikum salaam. Anzeni na umeme. Soketi zilizo karibu na sakafu zipandishwe sasa, kukiwa kukavu, na swichi kuu iwe mahali inapofikika bila ya kukanyaga maji. Maji yakikaribia kizingiti, izimeni. Lakini ikiwa njia ya kuifikia imeshajaa maji, asiiguse mtu, bali liarifiwe Shirika la Umeme. Friji iliyolowa isiwashwe mpaka ikaguliwe na fundi.

Muuguzi mstaafu
Mimi kinachonitia hofu ni hicho kisima. Karo likifurika, uchafu wake huingia kisimani hata kama maji yanaonekana meupe, na waliokuwepo Unguja wakati wa mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 hawahitaji kuelezwa zaidi. Jazeni mapema maji ya kunywa katika madumu yenye vifuniko. Baada ya mafuriko kisima kisafishwe na kutiwa klorini kwa maelekezo ya watu wa afya, na hadi hapo maji ya kunywa yachemshwe.

Mzee wa Jang'ombe
Kuhusu kuhama, mama mzee asisubiri maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, apelekwe siku hiyo hiyo kwa jamaa anayekaa juu, pamoja na dawa zake, na sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, ajulishwe. Mvua ikikutana na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana, ndiyo hatari zaidi, kwani bahari ikijaa, mitaro inayomwaga huko huchelewa kupunguza maji. Vyeti na vitambulisho vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Watoto wasiachiwe kuchezea maji ya njiani, maana mtaro ulio wazi hauonekani ukishafunikwa na maji.

Mkaazi wa Sebleni
Ahsanteni sana. Je, viroba vya mchanga mlangoni vinasaidia?

Mzee wa Jang'ombe
Huchelewesha maji kidogo tu, ndugu yangu, tena maji mengine hupanda kupitia tundu la choo, kwa hiyo nalo lizibeni. Muda mnaoupata utumieni kutoka.