Mjadala: Adabu ya udaktari hufundishwa chuoni, au mtu huja nayo kutoka kwao?

Aliyeufungua mjadala huu ameandika kwamba vipindi vya maadili kwa wanafunzi wa udaktari ni kupoteza wakati, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na aliyefika chuo kikuu bila ya adabu hatoipata kwa kusomeshwa. Ndugu yangu, kwa heshima zote, sikubaliani nawe.

Mwaka juzi nilimuuguza mama yangu katika hospitali moja huku Pemba. Wakati wa raundi daktari mkubwa alifika na wanafunzi wanane, akamfunua kanga hadi tumboni bila ya salamu wala kuvuta pazia, akawaeleza habari za ini lake kana kwamba mwenyewe hayupo, kisha wakahamia kitanda cha pili. Mama alibaki ameshika ncha ya kanga, macho ukutani. Baada ya kitambo mwanafunzi mmoja wa kike alirudi peke yake, akasema, "Shikamoo bibi, tuwie radhi," akamfunika, ndipo akamuuliza kama ana suala lolote. Yule binti pengine adabu alikuja nayo. Lakini wale saba nao walifunzwa hodi na shikamoo majumbani mwao, na asubuhi ile walijifunza kwa mkubwa wao kwamba wodini hazihitajiki.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwalinganisha madaktari 235 wa Marekani waliochukuliwa hatua za nidhamu na wenzao 469 wasiochukuliwa, ukaona kwamba mwenendo mbaya wa tangu chuoni, hasa kutowajibika na kutokubali kujirekebisha, uliambatana sana na adhabu za baadaye. Basi kasoro huonekana mapema, na mwalimu anayeiona akanyamaza ameshiriki.

SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inasomesha madaktari hapa hapa visiwani. Ningependa mwanafunzi apimwe adabu kitandani kwa mgonjwa, wauguzi waulizwe habari zake, na bingwa anayeongoza raundi apimwe kwa kipimo hicho hicho. Mabingwa ni wachache visiwani na hakuna anayetaka kuwaudhi, nalielewa hilo. Anayejua namna muuguzi wa zamu anavyoweza kumlalamikia bingwa bila ya kuhamishwa wodi na aeleze hapa, maana hapo ndipo ninapouona ugumu wenyewe.