Wauza taa za "volti 12", andikeni ukweli kwenye boksi!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira na sitaificha. Mkanda wa pili wa LED umenifia ndani ya trela, na aliyeniuzia anasema kosa ni langu. Mara ya kwanza nilinyamaza nikanunua mwingine. Mara hii sinyamazi.

Trela langu ni dogo, kitanda upande mmoja, meza na jiko upande wa pili, basi. Nimelijenga mwenyewe, ubao kwa ubao. Umeme wote unatoka kwenye betri moja ya asidi ya ampea-saa 70 (yaani kiasi cha umeme inachobeba: ampea mara saa), inachajiwa na sola ya juu ya paa na gari nikiwa barabarani. Mwanzoni nilikuwa na balbu nne za halojeni, kila moja wati 10. Pigeni hesabu: wati 10 kwa volti 12 ni ampea 0.83, nne zikiwaka pamoja ni ampea 3.3, na saa tano za jioni zinakula karibu ampea-saa 17. Betri ya asidi ukiipenda huishushi chini ya nusu, kwa hiyo katika zile 70 za kutumia ni 35 tu. Nusu ya umeme wangu wote ilikuwa inaishia kwenye taa! Bado joto. Balbu ya halojeni ikiwa imewaka huigusi kwa kidole, nami nimeifunga sentimita chache kutoka kwenye pazia. Kuhamia LED hakukuwa anasa, ilikuwa lazima.

Nikaenda dukani nikauliza kwa Kiswahili kilichonyooka: hii inafaa betri ya trela? Nikajibiwa inafaa, si unaona imeandikwa 12V? Nikachukua mkanda wa mita tano, LED 60 kila mita, nikakata mita tatu nikabandika darini. Usiku wa kwanza nilifurahi sana, chumba kizima kiling'aa. Ndani ya miezi mitatu vipande vikaanza kufa, LED tatu hapa, tatu pale, kama meno yanayong'oka. Gundi ikaachia. Siku niliyoubandua mkanda wote ulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua, na nyuma yake, kwenye ubao wangu mweupe wa dari, kuna mstari wa rangi ya chai ambao haufutiki.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Mkanda huu ukiutazama kwa karibu umegawanyika vipande vya sentimita tano, kila kimoja kina LED tatu na rezista (kipande cha kubana umeme) moja nyeusi yenye namba 151, yaani omu 150. Hakuna kitu kingine chochote pale. Hakuna kidhibiti mkondo, yaani saketi ya kuzuia umeme unaopita usizidi hata volti zikipanda. Ile rezista ndiyo kinga pekee, na imepigiwa hesabu ya volti 12 kamili.

Sasa niambieni, ni betri gani ya trela inayokaa kwenye volti 12 kamili? Betri ya asidi iliyojaa, imepumzika, ina 12.6 mpaka 12.8. Ikichajiwa na sola au na gari inapanda mpaka 14.4, na chaja nyingine zinafika 14.8. Hata betri ya lithiamu inachajiwa mpaka karibu 14.6. Volti 12.0 unaiona pale ambapo betri ya asidi imeshachoka na inataka kuchajiwa. Kupanda na kushuka huko ndiyo hali ya kawaida ya kila trela duniani, wala siyo siri ya mafundi. Anayeuza taa za trela anapaswa kuijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilipima mkanda wa pili ukiwa mpya, ili asije mtu kuniambia nabahatisha. Kwenye volti 12.0 mita tatu zilivuta ampea 1.2, sawasawa kabisa na kilichoandikwa kwenye boksi. Sola ilipofikisha 14.4 zikavuta ampea 1.9. Zaidi ya nusu juu ya kiwango chake! Na joto la rezista haliendi sawa na mkondo, linakwenda kwa mkondo mara mkondo wenyewe. Kwa hiyo rezista ilikuwa inatoa joto mara mbili na nusu ya lile iliyoundiwa, imebanwa kwenye dari yenye sponji ya kuzuia baridi nyuma yake. Joto liende wapi?

Jibu la muuzaji? Kwanza nimeunganisha vibaya. Nikamtumia picha. Halafu betri yangu mbovu. Nikamtumia vipimo. Mwisho akaniambia ningeweka fyuzi. Jamani! Fyuzi ninayo, ya ampea 5, iko karibu na betri kama inavyotakiwa, na kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ikitokea shoti. Mkanda unaovuta ampea 1.9 badala ya 1.2 fyuzi hiyo haiuoni kabisa. Mtu anayeuza vifaa vya umeme hajui fyuzi inalinda nini, na ananifokea mimi.

Wanangu wawili walikuwa wamelala chini ya mkanda ule. Kinachoniuma ni hicho kuliko hela.

Na uongo haukuishia kwenye volti. Boksi lilisema "mweupe" tu. Mweupe upi? Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: kuna wa 2700 au 3000, wenye umanjano wa kutuliza, na kuna wa 6500 wenye ubluu. Nilipewa huu wa pili bila kuambiwa. Kwenye chumba kidogo ambacho kila ukuta uko mkono mmoja kutoka usoni, mwanga ule unachosha macho, unafukuza usingizi, na ukifungua mlango usiku wadudu wote wa porini wanahamia kwako. Uwezo wa kuonyesha rangi za vitu kama zilivyo (CRI, kipimo ambacho kilele chake ni 100) nao haukuandikwa popote. Mke wangu akikata nyama hajui kama imeiva au bado, yote ina rangi ya majivu. Sasa hivi mimi sinunui taa ya CRI chini ya 90 na nawashauri na nyie mshikilie hapohapo. Kifaa cha kupunguza mwanga walichonipa kilikuwa kinafanya taa ipepese, ukipitisha mkono haraka chini yake unaona vidole kumi. Nilikitoa siku ileile.

Kwa anayejenga sasa hivi, msinunue kwa maandishi ya "12V" peke yake. Tafuteni iliyoandikwa 10–30V, au angalau 9–16V, yenye kidhibiti mkondo ndani. Halafu msiamini hata hayo maandishi, pimeni. Unganisha ampea-mita, soma betri ikiwa imepumzika, kisha soma jua likiwa kali na chaja inasukuma. Taa yenye kidhibiti cha kweli mkondo wake unabaki palepale au unashuka kidogo volti zinapopanda. Ukiona unapanda pamoja na volti, ujue umeuziwa rezista, rudisha kabla muda wa kurudisha haujaisha. Mimi ningeupima hivyo ule mkanda wa kwanza nisingefika huku.

Nilichofunga mwishowe ni taa nne za duara, kila moja wati 2 na ya 10–30V, kelvini 2700, zina mgongo wa aluminiamu na nimezifunga kwa skrubu, si gundi. Kila moja ina swichi yake, maana mmoja akitaka kusoma hakuna sababu ya kuwaangazia wengine waliolala. Zote zikiwaka ni chini ya ampea 0.7. Saa tano zilezile zinakula ampea-saa 3 na nusu, dhidi ya zile 17. Kwa hiyo tatizo halikuwa LED, LED ni kitu kizuri mno kwa trela. Tatizo ni watu wanaochukua mkanda wa kupambia kabati, uliotengenezwa kwa adapta ya ukutani ya volti 12 zisizobadilika, wakaupiga picha ndani ya trela na kuuza.

Ninachodai si kikubwa. Andikeni volti za chini na za juu. Andikeni ampea, kelvini, na kama kuna kidhibiti ndani au hakuna. Mistari minne kwenye boksi. Hela yangu ya mikanda miwili naitaka pia, na nimeshawaandikia mara tatu.

Swali kwa wataalamu: taa moja kati ya zile nne mpya, ya upande wa kitanda, nikiiwasha redio inakoroma kwenye stesheni zote za FM, nikiizima inatulia. Nyingine tatu hazina shida, na waya wa antena unapita karibu na hiyo moja. Kuna aliyewahi kuvisha waya wa taa kipete cha feraiti (kile cha kuzuia kelele za redio) kikamaliza, au nihamishe antena kabisa? Nataka kufunga dari wiki hii.