Dogo anacheza dakika nne kwa mechi, anataka kuhama chuo Marekani. Nimwambieje?

KakaMkubwa_Tmk:
Wakuu salaam. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuo kimoja Marekani, Division I (daraja la juu la michezo ya vyuo), skolashipu kamili ya kikapu. Ana sentimita 203, anacheza namba nne, yaani mmoja wa warefu wa karibu na kikapu. Msimu huu wastani wake ni dakika nne, na mechi kumi na moja hakuvua hata fulana ya kupasha. Sasa anasema ataingiza jina kwenye ile potali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, wenzake wanne wameshaingiza. Mzee yeye anataka cheti tu: "Nilimpeleka kusoma, sikumpeleka kurusha mpira." Na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kudunda mpira pale Don Bosco Upanga, nyumbani lawama zote ni zangu. Mliopita huko mnashaurije?

Chuma_Ulete:
Ahame. Miaka minne ni mambo ya wazee. Hasheem Thabeet alikaa Chuo Kikuu cha Connecticut miaka mitatu, 2009 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya akaitwa namba mbili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Shahada angeifanyia nini?

Senta_Mstaafu:
Chuma, Thabeet aliondoka kwa sababu NBA walikuwa wanamtaka. Dogo wa mkuu angekuwa anaitwa namba mbili ningemfungia mabegi mwenyewe. Huyu haitwi na mtu, anakimbia benchi. Na huyo Curry naye aliondoka chuo cha Davidson baada ya miaka mitatu, halafu akarudi kumalizia shahada yake ya sosholojia 2022, wakati tayari ana ubingwa wa NBA mara tatu.

Mkuu, mimi nimecheza Division II huko Iowa, miaka minne chuo kilekile. Mwaka wa kwanza nilifunga pointi 14. Sio kwa mechi, msimu mzima. Nilifika na kilo 83, nikigongwa bega naenda kukaa na washangiliaji. Kocha msaidizi akanibandikia mkanda sakafuni, X mbili: ukishaweka skrini (kumzibia njia beki kwa mwili wako) ukageuka kwenda kikapuni, mguu wa kushoto hapa, wa kulia hapa. Saa kumi na mbili alfajiri, baridi ya kupasua masikio, kabla ya darasa la uhasibu. Mwezi mzima hakuna mpira, ni miguu tu. Nilijua ananidharau. Mwaka wa tatu, mechi moja ya Januari, nikapokea pasi nikakuta miguu imeshafika yenyewe, jamaa anayenikaba bado anatafuta nimepotelea wapi. Nilimaliza na pointi 11 kwa mechi na kilo 104. Ukihamia kwa kocha mwingine unaanza upya na X zake.

Na sio sisi wa madaraja ya chini tu. Tim Duncan, yule nyota wa NBA, mechi yake ya kwanza chuo cha Wake Forest mwaka 1993, hakufunga hata pointi moja. Msimu ule aliishia na wastani wa 9.8, mwaka wa nne ukawa 20.8. Alikuwa amemwahidi mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado mtoto, kwamba chuo atamaliza. Akamaliza saikolojia 1997, na mwaka huohuo akachaguliwa namba moja NBA. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, nyota mwingine wa NBA, alifika chuo cha Georgetown 1987 akitaka kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu kabisa, wa pili akawa na pointi 3.9 kwa mechi, wa mwisho 15.2. Akatoka na isimu na diplomasia.

Ila ambacho dogo hataambiwa na wenzake ni habari ya krediti, zile pointi unazopata kwa kila somo unalomaliza. NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, wanataka ili uendelee kucheza, ukianza mwaka wa tatu uwe na asilimia 40 ya shahada, wa nne 60, wa tano 80. Kwa shahada ya krediti 120 hizo ni 48 kuingia mwaka wa tatu, na ziwe zinahesabika kwenye fani yako. Unahama na 55, chuo kipya kinakwambia hizi 20 hatuzitambui. Mnaijeria niliyekaa naye chumba kimoja alihama mara mbili. Misimu anayoruhusiwa kucheza ikaisha, skolashipu ikaisha, amebakiza krediti 27. (Leo anaendesha lori Texas na ananizidi kipato, nisiwadanganye. Lakini alioa, akapata makaratasi.) Dogo wako ana viza ya mwanafunzi, F-1. Akipata shahada anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na kama ni uhandisi au sayansi anaweza kuongezewa 24. Asipopata, ni ndege ya kurudi nyumbani.

Dada_wa_Ofisini:
Nimewahi kufanya kazi ofisi ya wanafunzi wa kigeni huko. Kaka, muulize kwanza hili: ameshaingiza jina au bado anasema tu? Akishaingiza, chuo alichopo kinaruhusiwa kumkatia skolashipu muhula ukiisha, hata kama hajapata pa kwenda. Na kocha amemwambia nini kuhusu msimu ujao? Wengi wanahama bila kuuliza.

KakaMkubwa_Tmk:
Asanteni sana. Senta, hiyo ya pointi 14 nimemsomea kwenye simu, amecheka mpaka akakohoa. Jina hajaingiza. Yeye hajamuuliza kocha, eti "ataniona naomba huruma". Nilipofika kwenye krediti akanyamaza. Kumbe akimaliza muhula huu atakuwa na 44. Somo la takwimu aliliacha Oktoba kwa sababu lilikuwa linagongana na muda wake wa kunyanyua vyuma, na hakutuambia.

Senta_Mstaafu:
Zinapungua nne. Somo moja au mawili ya kiangazi yanatosha. Amwone mshauri wa masomo wa timu wiki hii, wengine chuo huwa kinawalipia. Halafu dogo amwulize kocha swali moja tu: nikirudi Agosti, unataka niwe nimeongeza nini? Akijibiwa kilo na miguu, abaki. Akijibiwa porojo, hapo tuongee kuhama.

KakaMkubwa_Tmk:
Miadi na kocha ni Alhamisi. Mzee nimemwambia mtoto anaendelea vizuri na takwimu. Msinichome.