Miche ya michikichi inakatwa usiku (Simbo, Kigoma): ni mnyama gani, na azuiwe vipi?

MicheMipya
Habari za kazi wakuu. Shamba ni ekari moja, miche 58 ya Tenera (michikichi chotara), nafasi mita 9 kwa pembetatu, imepandwa katikati ya Novemba. Kwa wiki tatu miche 11 imeharibiwa. Tisa imekatwa karibu na ardhi na vipande vimeachwa palepale. Miwili imeng'olewa, pembeni pana shimo. Chini kuna bonde lenye matete, na katikati ya mistari kuna mahindi yanayofika hadi kwenye miche. Nashauriwa kuchemsha mahindi nitie sumu. Je, niweke? Na iliyokatwa niing'oe?

Kitalu Kwanza
Pole sana. Sumu iache kwanza. Anza na mkato.

Ukikuta mkato wa mshazari, laini kama wa panga, na vipande vifupi vya makuti vimetapakaa chini, huyo ni ndezi, yule panya mkubwa wa kwenye matete. Tafuta kinyesi chake: ni punje ndefu kidogo, na upande mmoja ina mfereji kama wa buni. Kisha angalia ukingo wa matete, utaona vinjia vyake vimelala chini ya majani. Ile miwili iliyong'olewa ni habari nyingine. Nungunungu huchimba, hutafuna shina kwa chini, na mara nyingi huacha mwiba au kinyesi kirefu chenye nyuzi kilichoshikamana. Kama udongo umepinduliwa eneo kubwa, ni nguruwe pori. Mche ukinyauka umesimama, ukiuvuta ukatoka bila mizizi, hapo fukua utafute njia ya fuko.

Kuhusu kung'oa: usiharakishe. Mchikichi una moyo mmoja tu, yaani sehemu ya katikati inayotoa makuti mapya, hauchipui pembeni kama mgomba. Moyo ukiliwa mche umekwisha. Lakini ukikatwa juu ya moyo hurudi. Bonyeza katikati ya kisiki kwa kidole: kikiwa kigumu na cheupe, subiri wiki tatu uone kuti jipya likisukuma. Kikiwa laini na kinanuka, ng'oa, uzibe pengo mvua hizihizi. Ukingoja msimu ujao, mche wa kuzibia utakulia kivulini mwa wenzake. Chukua wenye umri wa mwaka mmoja hivi na shina nene. Vichanga vya miezi sita ndivyo ndezi anavyomaliza kwa usiku mmoja. Tenera halisi ulizia TARI Kihinga (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo), usichukue miche iliyojiotea chini ya mchikichi wowote.

Fundi Wavu
Nakubaliana na Kitalu. Kinga ni kola ya wavu wa banda la kuku, na kwa ekari moja hesabu yake ni nzuri. Roli la mita 30 lenye upana wa sentimita 90 likate katikati kwa urefu, upate mita 60 za wavu wa sentimita 45. Kata vipande vya mita moja: kola 60. Miche yako 58, zinabaki mbili.

Zungusha kipande, ncha zipishane sentimita 5, shona kwa waya wa kufungia nondo sehemu tatu. Utapata duara la kama sentimita 30. Kusanya makuti juu kwa mkono, vika kola, chimbia sentimita 5, kisha pigilia vigingi vitatu vya mti mgumu kwa ndani ya wavu. Kwa upande wa nungunungu ongeza vigingi viwe vitano, maana anasukuma kwa nguvu. Tundu la inchi moja linamzuia ndezi, ila panya wadogo wanapita; kama nao wapo, nunua la nusu inchi.

Kola nyingi hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, chini haikuchimbiwa, mvua inaondoa udongo na mnyama anaingiza kichwa. Ya pili ni majani. Palilia mita moja kila upande wa mche, pawe peupe kabisa; ndezi hapendi kuvuka uwazi. Matandazo yasiguse shina, panya hulala humo. Na hayo mahindi yaondoe karibu na mche, maana umemwekea ndezi chakula na maficho pamoja. Maharage yanafaa zaidi. Mihogo na viazi vitamu humwita nungunungu na fuko.

Shina likianza kugusa wavu, fungua. Usisubiri libanwe.

Pembeni ya Msitu
Niongeze kuhusu sumu, kwa sababu jambo hili linaumiza. Mahindi yenye sumu hayachagui: yataliwa na kuku, kanga, mbwa atakayeokota mzoga, hata mtoto. Bundi na paka-mwitu wanaokula panya wako nao watakufa, na mwakani panya watazidi. Mtego wa waya nao vivyo hivyo, hasa kwetu Kigoma ambako sokwe hutembea nje ya Hifadhi ya Gombe pia na hupenda ngazi (matunda ya mchikichi). Waya ukimkaza mkono ndiyo kilema chake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 imekataza sumu na mitego hiyo. Nguruwe pori au nyani wakizidi, pitia kwa mtendaji wa kijiji afike afisa wanyamapori wa wilaya.

MicheMipya
Asanteni. Nimebonyeza visiki: sita vigumu, vitatu laini. Kinyesi kina mfereji. Pilipili na kinyesi cha ng'ombe kupaka makuti, inasaidia?

Fundi Wavu
Siku chache tu. Mvua moja ya Desemba inaosha yote. Ukitaka kupaka, paka jioni hadi kola zikamilike, na rudia kila baada ya mvua. Usipake kuti la katikati lililofungana, linaungua. Kola anzia mistari miwili ya kwanza upande wa matete.