Chakula cha Kijapani kwenye hoteli kubwa za Dubai: Nobu, Akira Back, Mimi Kakushi au Hoseki?

Bint_Chumbageni
Wadau, salaam. Mwezi ujao inshallah tunapita Dubai tukitoka Umra: mimi, mume wangu na mama mkwe. Mume wangu ana hamu ya siku nyingi na chakula cha Kijapani, kile cha kisasa kilichochanganywa na mapishi ya kwingine, na tumeweka akiba ya usiku mmoja tu. Nimebaki na majina manne: Nobu iliyopo hoteli ya Atlantis kule Palm, kile kisiwa cha kutengenezwa, Akira Back ya hoteli ya W, Mimi Kakushi ya Four Seasons Jumeirah, na Hoseki ya Bulgari. Mama hali samaki mbichi. Sisi sote tunaangalia sana halali. Waliowahi kula huko, au wanaofanya kazi karibu na mambo haya, naomba mnilinganishie.

Jikoni_AlBarsha
Karibu dada. Mimi ni mpishi hapa Dubai, kwenye hoteli ambayo haimo kwenye orodha yako, kwa hiyo sina ninayempigia debe.

Hoseki iondoe kwanza. Si kwa ubaya, maana ilipata nyota ya Michelin, ule mwongozo maarufu wa migahawa, kwenye toleo lake la kwanza kabisa la Dubai, 2022. Lakini ile ni kaunta ya viti tisa, mpishi ndiye anayeamua mle nini, anakutengenezea tonge moja moja, na sehemu kubwa ni samaki mbichi anayeletwa kwa ndege kutoka Japani. Hakuna mchanganyiko pale, ni sushi ya Tokyo yenyewe, matonge ya wali wa siki na samaki juu. Mumeo angefurahi, mama angekaa na njaa.

Hao watatu waliobaki ni ndugu, ila kila mmoja kakulia kwake. Mimi Kakushi inaiga Osaka ya miaka ya 1920, enzi za jazi, na jinsi usiku unavyoendelea ndivyo muziki unavyopanda. Akira Back mwenyewe ni mpishi Mkorea aliyekulia Colorado, Marekani, aliwahi kuteleza kwenye theluji kama mchezaji wa kulipwa kabla ya kuingia jikoni. Sahani yake inayojulikana zaidi ni piza ya jodari: mkate mwembamba mkavu, vipande vya jodari mbichi juu yake, mafuta ya uyoga wa trufo. Tamu sana, lakini tena ni mbichi.

Kwa mama ningeenda Nobu. Mwenye jina, mpishi Nobu Matsuhisa, alitoka Japani mwaka 1973 akaenda kupika Lima, Peru, ambako Wajapani walikuwa wamehamia tangu 1899, na huko akajifunza kumtia samaki ndimu, pilipili na majani ya giligilani. Mtu wa Tanga hatahisi yuko ugenini. Samaki wa kukaanga anayekamuliwa ndimu na kuwekewa kachumbari pembeni, ladha yake na hiyo ya Lima zinasalimiana. Tena ana sahani moja inayomfaa mama kabisa, kwenye menyu inaitwa New Style Sashimi. Samaki anakatwa vipande vyembamba, anapangwa na tangawizi, kitunguu majani na ufuta, kisha anamwagiwa mafuta ya ufuta na ya zeituni yaliyochemka. Unasikia yanachachatika, na ukitazama unaona nyama ya juu inageuka nyeupe hapo hapo. Alianza kuipika kwa sababu ya mteja aliyekataa samaki mbichi.

Mvita_Asili
Asalaam aleikum. Bi Chumbageni, suala lako la halali lisipite hivi hivi, na sijaona likitajwa hapo juu.

Tatizo kwenye mapishi ya Kijapani si nyama. Tatizo ni mirini na sake, pombe za mchele zinazotiwa kwenye michuzi kama sisi tunavyotia tui. Mirini halisi ina alkoholi takriban 14%, na sake huwa karibu 15%. Yule samaki wa miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, aliyempa Nobu jina dunia nzima, utamwona kwa jina la black cod, analowekwa kwenye miso nyeupe, sukari, sake na mirini siku mbili au tatu kabla hajaingia kwenye oveni. Sake na mirini huchemshwa kwanza ili kileo kiruke. Wapo wanaosema hiyo inatosha, wapo wasiokubali. Muulizeni sheikh wenu, mimi si wa kufutu.

Ninachosisitiza ni hiki: msingoje mpaka mkae mezani. Samaki ameshalowekwa juzi, mhudumu atafanya nini? Andikeni mnapoweka nafasi kwamba hamtumii alkoholi hata ndani ya chakula, mkaulize hadi wali wa sushi, maana siki yake majiko mengine huichanganya na mirini. Menyu nyingi za hoteli za Dubai huweka herufi A ndogo pembeni ya sahani yenye alkoholi na P kwa yenye nguruwe. Someni hizo herufi kabla ya bei.

Bint_Chumbageni
Waalaykum salaam kaka, Mungu akulipe. Hilo la wali sikulijua kabisa.

Mdau_Sinza
Wakuu, mimi napinga kidogo. Kwa nini mtu aingie Palm kulipia jina? Huyo Nobu ana migahawa kila bara, mwenyewe hayupo jikoni, na sahani ni zilezile za tangu 1994 alipofungua New York na mwigizaji Robert De Niro. Nairobi pale Westlands kuna Inti, mapishi hayo hayo ya Kijapani na Kiperu. Hata Hyatt ya Kilimanjaro hapa Dar utapata sushi. Hela ya usiku mmoja wa Dubai mnakula nyumbani mara kadhaa na chenji inabaki.

Jikoni_AlBarsha
Mdau, kwa hela nakuunga mkono. Kwa sahani sikubaliani nawe. Kurudia kitu kimoja miaka thelathini bila kukiharibu ni kazi ngumu kuliko kubuni kipya kila msimu. Huyo samaki wa miso ana mafuta mengi, anatoka bahari baridi za kaskazini ya Pasifiki, na sukari ya miso inaungua upesi. Ukizidisha dakika moja anakuwa mchungu juu, ukipunguza anabaki na rangi ya uji. Akitoka vizuri, unamgusa kwa kijiti anaachia mapande mapande, makubwa, yanang'aa. Nimewaona vijana wenye vipaji wakihangaika naye kwa miezi. Kwa hilo mimi natoa hela yangu.

Zuhura_Deira
Mbona hakuna aliyewatajia Zuma? Najua haiko hotelini, ipo DIFC, mtaa wa mabenki, lakini kama mnalinganisha lazima iwemo. Ilifunguliwa Dubai 2008, mwaka uleule Nobu ilipoanza Atlantis. Pale chakula kinatoka sehemu tatu: jiko kuu, kaunta ya sushi, na robata, yaani makaa. Sahani zinakuja kila moja kwa wakati wake, zinawekwa katikati, mnachangia. Kwa familia ya kwetu ndiyo starehe yenyewe, hakuna kila mtu na sahani yake. Samaki wa miso wanaye pia, wao wanamfunga kwenye jani kubwa kavu la hoba, ukilifungua moshi unakujia usoni.

Ila mama mkwe hapana. Jioni watu wamejaa, makelele, baa iko wazi mbele ya macho. Mama aliyetoka Makka juzi umkalishe hapo? Nenda na mumeo siku nyingine.

Mvita_Asili
Dada Zuhura kasema kweli. Nobu nayo ina baa, ila mkienda mapema, mara tu wanapofungua jioni, kunakuwa na utulivu. Ombeni meza ya dirishani. Siku hizi ipo ghorofa ya 22, na mkikaa kabla ya Magharibi mnaiona Palm yote na bahari yake. Swali la mahali pa kuswali liulizeni hotelini mkifika, Dubai halimshangazi mtu.

Mdau_Sinza
Basi kama mmeamua, angalieni bili. Dada, hotelini Dubai kuna VAT 5%, ada ya manispaa na ada ya huduma. Mara nyingi vimo ndani ya bei iliyoandikwa, soma mistari midogo chini ya menyu. Kuna mgahawa mmoja mji huo, sitautaja, mhudumu alituletea chupa za maji bila kutaja bei, kila tukimaliza anafungua nyingine. Maji peke yake yalifika bei ya sahani. Ukikaa tu sema mapema unataka maji gani.

Zuhura_Deira
Hapo kwa maji umenena. Na mavazi: buibui na kanzu hakuna shida kabisa, wenyeji ndivyo wanavyovaa. Wanachokataa ni kaptura na ndala kwa wanaume.

Bint_Chumbageni
Nimewasoma wote, na mume wangu kasoma. Tumeshika Nobu, siku ya kazi, mapema. Kama alivyoshauri kaka Mvita, ujumbe wa mirini na wali nimeshautuma. Zuma tutaenda wawili siku ya mwisho, Mungu akijalia, hata kama ni kwa sahani mbili za robata. Jikoni, mbali na hiyo ya mafuta moto, mama mwagizie nini kingine?

Jikoni_AlBarsha
Kamba wadogo wa tempura, yaani waliokaangwa na unga mwepesi, kwenye mchuzi mzito wa pilipili, wanafanana na vitafunio vya jioni na hakuna mzee anayewakataa. Hakikisha mchuzi kwanza kwa ajili ya ile herufi A. Halafu mboga za kuchoma, na mwisho boksi la chokoleti ya moto na aiskrimu ya chai ya kijani. Samaki wa miso agizeni mmoja tu kama watawajibu vizuri, mgawane, maana ni mtamu mno kwa mtu mmoja kumaliza. Na mwambie mama sushi inaliwa kwa mkono, asihangaike na vijiti.